Supu Iliyotangulia Kilio

Katika mtaa wa Wasisilia kule Buffalo, mtu anaweza kukuletea supu kwa sababu yoyote. Umezaa, unaletewa supu. Umevunjika mguu bandarini, supu. Mtoto kapata komunyo ya kwanza, supu tena, hata kama huitaki. Lakini supu ikija na sahani zake na vijiko vyake, sufuria imefungwa kitambaa cheupe, hiyo haina maelezo mawili. Nyumba iliyofiwa haiwashi moto wala haigusi vyombo vyake. Anayeilisha ni kumpare, yule aliyemshika mtoto wenu kwenye maji ya ubatizo. Mkewe, kumare wenu, anapika na kubeba, na kumpare mwenyewe humlisha mjane kijiko cha kwanza kwa mkono wake. Mjane akimeza, mtaa mzima unajua nyumba hizi mbili bado ni moja. Akigeuza uso, watu wanaanza kufunga madirisha.

Rosalia Bonfante aliyajua hayo kabla hajajua kujisuka nywele. Alikuja nayo kutoka Sisilia pamoja na mto wa kulalia na picha ya Mtakatifu Agata.

Mumewe, Calogero, sisi wote tulimwita Lillo. Lillo alifika Amerika bila hata soksi. Halafu serikali ikawakataza Waamerika pombe, na loh, hapo ndipo Waamerika walipopata kiu! Ng'ambo ya mto ni Kanada, na Kanada kulikuwa na wiski. Lillo na rafiki yake Gaspare Scimeca wakawa wanavuka kwa mashua ndogo, wanarudi na chupa chini ya magunia ya vitunguu. Mara moja mashua ilipinduka. Gaspare hakujua kuogelea, na ule mto hauna huruma, unakwenda moja kwa moja kwenye maporomoko. Lillo alimkamata nywele akamvuta mpaka ufukweni akitapika maji. Mwaka ule ule Rosalia akazaa mtoto wa kiume, Santo, na Gaspare ndiye aliyemshika kwenye maji ya ubatizo. Nani mwingine angestahili?

Pombe iliporuhusiwa tena, wakahamia kwa vibarua. Hupakui ngano bandarini mpaka Lillo akutikisie kichwa. Huchezi karata mtaani, hufungui duka la samaki, huzoi hata takataka, mpaka Lillo ale cha kwanza. Alipoingia kwa kinyozi, hata mtu aliyenyolewa nusu alisimama. Na Rosalia naye, tusimsafishe bure, aliyafurahia. Alikaa benchi la mbele kanisani na koti la manyoya, na mchinjaji alimwekea nyama ya paja bila kuombwa. Alijua nyama ile inatoka wapi. Sote tulijua, na sote tulikula.

Kilichomponza Lillo ni mdomo wake. Kila akikaa na watu alikuwa na hadithi moja: "Huyu Gaspare mnayemwona, nilimvua mtoni kama samaki! Alikuwa analia mama, mama!" Watu wanacheka, Gaspare anacheka. Wiki inayofuata, hadithi ile ile. Santo akiwa tayari kijana wa miaka kumi na tisa, bado Lillo alikuwa anamvua Gaspare mtoni mbele ya vibarua na makarani. Aliyekuokoa anaweza kukusahaulisha deni lake au anaweza kukukumbusha kila Jumapili. Lillo alichagua Jumapili.

Majira ya baridi ya pili baada ya vita, asubuhi moja, Lillo alikuwa jikoni anatafuta glavu zake kwa uvivu wa mtu asiyetaka kuzipata.

"Kumpare ananiita kwenye maghala ya ngano," alisema. "Siku kama hii. Hata mbwa hatoki."

"Si uende umsikilize?" Rosalia alikuwa anakata pilipili hoho.

"Kuna watu wameniambia nisiende."

"Watu gani? Wale wanywa kahawa wa kwa kinyozi? Lillo, hebu nitazame. Gaspare alimshika Santo kwenye maji. Mtu aliyemshika mwanao kwenye maji akuinulie mkono? Thubutu! Mkono wenyewe utakauka. Glavu hizo hapo, umezikalia. Nenda, urudi ule, nakaanga hoho na soseji."

Lillo akacheka, akavaa. "Chumvi ikizidi nakurudisha kwenu."

"Kwetu ndiko kwenu, mshenzi wee."

Ndivyo walivyoagana. Miaka ishirini ya ndoa, na maneno ya mwisho yakawa ya chumvi.

Theluji ya ziwani ilianza kabla ya saa nne na haikuwa na mzaha. Adhuhuri, Rosalia akiwa na uma mkononi na hoho zinachemka mafutani, mlango wa nyuma ulifunguka, akaingia Agata, mke wa Gaspare, analia tayari. Theluji ilikuwa imemjaa mabegani. Aliweka sufuria mezani, akaweka na kikapu, akafungua mikono yake yote miwili.

"Kumare wangu! Kumare wangu, Mungu akupe nguvu!"

"Nguvu za nini?" Rosalia aligeuka. "Kuna nini, Agata? Bastiano anaumwa?"

Bastiano alikuwa mtoto wa Agata, wa pekee, bado anatambaa chini ya meza. Agata aliutazama moto. Aliitazama sufuria ya kukaangia, na soseji zilizokuwa zinasubiri kwenye karatasi ya bucha, kisha akamtazama Rosalia na ile aproni yake yenye madoa ya nyanya. Kilio kikamkatikia.

Rosalia naye akatazama mezani. Sufuria ilikuwa imefungwa kitambaa cheupe. Na kwenye kikapu, chini ya mikate, sahani. Na vijiko.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Hawajafika kukuambia?"

"Nani aje aniambie? Agata, nakuuliza, nani kafa kwangu?"

"Polisi. Gaspare alisema mpaka saa sita watakuwa wamesha..." Agata akajiziba mdomo kwa mkono, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Rosalia aliweka uma chini, polepole. "Gaspare alikuambia lini?"

"Asubuhi."

"Asubuhi saa ngapi?"

"Anakunywa kahawa. Alisema kumpare Lillo amefariki, chinja kuku, pika upesi, tusije tukaonekana hatuna adabu."

"Asubuhi Lillo alikuwa amekaa kwenye kiti hicho," Rosalia alisema. "Amekalia glavu zake."

Jamani. Gaspare alikuwa amepanga kila kitu, isipokuwa theluji. Gari lililomchukua Lillo liliachwa, maiti yake ndani, pembeni mwa maghala, mahali ambapo walinzi wa zamu ya mchana wangeliona bila kulitafuta. Theluji ikalifunika mpaka likawa kilima kama vilima vingine. Walinzi walipita, polisi walipita. Ni supu tu iliyofika kwa wakati, maana Agata alilelewa vizuri na hakupenda kuchelewa msibani.

Hoho zilianza kuungua. Rosalia alimkamata Agata kitambaa cha kichwa, akamvuta mpaka pua zao zikakaribia kugusana.

"Nikuue? Nikuue sasa hivi hapa?"

"Niue, kumare. Lakini sikujua. Naapa kwa macho ya Bastiano, sikujua, nimejua sasa hivi na wewe. Mimi niliamka nikachinja kuku." Akashuka mpaka sakafuni. "Akijua kwamba nimekuja mapema, mimi sitalala nyumbani leo. Nitalala alikolala Lillo."

Rosalia alimwamini, na hilo lilimuuma zaidi, maana angepata nafuu kumchukia mtu aliyekuwa karibu. Yeye ndiye aliyesema nenda. Yeye ndiye aliyesema mkono utakauka. Alitaka kupiga mayowe mpaka vioo vivunjike.

Ndipo akasikia koleo nje. Santo alikuwa anaondoa theluji kwenye ngazi za mbele huku anapiga mluzi.

Santo alikuwa na hasira za baba yake bila ucheshi wa baba yake. Bastola ya Lillo ilikuwa kabatini chini ya mashati, na Santo alijua ilipo. Akiyajua haya, Rosalia aliwaza, atakuwa mlangoni kwa Gaspare kabla giza halijaingia, na Gaspare hakai mlango wazi siku ya leo. Watamzika na baba yake kwa misa moja. Hakuwa na mtoto mwingine. Hakuwa na kitu kingine chochote.

"Inuka," alimwambia Agata. "Chukua sufuria yako. Hukuja hapa."

"Kumare..."

"Hukuja! Theluji ilikurudisha njiani. Kesho, ukisikia nalia, ndipo uje. Usije kabla sijalia."

Agata akabeba sufuria, akabeba na kikapu, vijiko vinagongana, akatoka alikoingilia. Rosalia akamwita mwanawe ale. Alimpakulia hoho zilizoungua, akapakua na sahani ya Lillo, akaifunika.

"Baba yuko wapi?"

"Njaa ikimuuma atakuja," alisema Rosalia, na akakaa akamtazama mwanawe akila.

Polisi walikuja kesho yake asubuhi, wamevua kofia. Rosalia akalia. Kilio kile hakikuwa cha uongo, kilikuwa kimekaa ndani usiku kucha tu, na kilipotoka majirani wa mtaa wa pili walitoka nje na viatu vya ndani.

Haukupita muda Agata akaja na sufuria ile ile, na nyuma yake Gaspare, kofia kifuani, macho mekundu. Alilia kweli. Msidhani watu hawa hawana machozi, wanayo, tele. Alimkumbatia Rosalia mbele ya watu waliojaa sebuleni, akasema, "Ameniachia jeraha, kumare, ameniachia jeraha." Kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile kilikuwa na manukato ya ndimu.

Santo alisimama ukutani, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti. Minong'ono ya kwa kinyozi ilikuwa imemfikia. Hakumtazama Gaspare hata mara moja. Alimtazama mama yake, mdomoni. Naye Rosalia akauona ule mfuko wa koti ulivyoning'inia kwa uzito, akaelewa mwanawe anasubiri nini.

Gaspare akafungua kitambaa, akachota kijiko, akakipuliza. "Kula, kumare. Kwa ajili ya mtoto."

Supu ilikuwa imepashwa moto mara ya pili. Tambi zilikuwa zimevimba, na mafuta ya kuku yameganda pembeni mwa kijiko. Agata alikuwa ameinamisha kichwa. Rosalia akafungua mdomo, akameza.

Alimwona Santo akishusha pumzi. Mkono ukatoka mfukoni, mtupu. Santo akavuka sebule, akapiga goti, akambusu baba yake wa ubatizo mkono, na Gaspare akamwekea kiganja kichwani. Rosalia alijisemea moyoni: mwanangu yuko hai. Liwe liwalo, yuko hai.

Basi likawa.

Alijaribu kumtoa mjini. Alikuwa na kaka yake California, ana shamba la zabibu. "Nenda kwa mjomba wako," alimwambia. "Hewa nzuri, wasichana wazuri."

"Niende nikapogoe zabibu, mama? Baba wa ubatizo ananihitaji hapa."

"Huyo hana watu wengine?"

"Kuna nini na wewe? Anatulisha. Juzi kakulipia daktari. Una neno naye, sema."

Angesema nini? Kila alipofungua mdomo alikikuta kile kijiko. Akisema leo, Santo atauliza, mbona ulikula? Kisha atachukua bastola. Kwa hiyo alifunga mdomo, na Santo akaanza kumwendeshea Gaspare gari. Halafu akawa anakusanya kwa wenye maduka. Halafu kuna kibarua mmoja Mpolandi aliyekuwa anasema sana, akaacha kusema, na Santo akarudi nyumbani siku ile akanawa mikono muda mrefu kwenye sinki la jikoni, mama yake amemshikia taulo. Mwana wa nyoka ni nyoka, watu walisema, wakimaanisha Lillo. Rosalia alijua ni nyoka yupi aliyemlea.

Gaspare alipanda. Alijenga nyumba yenye ngazi za marumaru, akanunua farasi, akachangia kengele ya kanisa. Bastiano alipopata kipaimara, aliyesimama nyuma yake na kumwekea mkono begani alikuwa Santo, na kwa hiyo nyumba mbili zikafungwa fundo la pili. Rosalia na Agata walikaa benchi moja kila Jumapili kwa miaka kumi na minne. Walisalimiana, waliulizana habari za miguu. Siku ile ya theluji hawakuitaja, hata kwa macho.

Halafu Gaspare akaanza kuzeeka vibaya. Serikali ilimwita mbele ya kamati, akajibu maswali ambayo hakuulizwa. Alisahau majina. Kwa kinyozi alianza kusimulia mambo ya zamani, hili na lile, nani yuko chini ya saruji gani, na vijana wakatazama viatu vyao. Aliye juu mngoje chini, na waliokuwa wanamngoja walikuwa wamemzunguka mezani.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, Santo aliingia jikoni kwa mama yake, suti ya kijivu, kuku jike chini ya kwapa amefungwa kamba na gazeti.

"Mama, pika supu."

"Supu gani asubuhi hii?"

"Ile. Weka na sahani na vijiko." Alitazama saa yake ya mkono. "Ila usiharakishe."

Rosalia alishika ukingo wa meza. Kifua kilimjaa, na tusimwonee, kilichomjaa kwanza kilikuwa furaha. Amejua, aliwaza. Kumbe alijua, alikuwa anangoja tu. Lillo wangu, mwanao amekumbuka.

"Umejua lini?" aliuliza.

"Kujua nini?"

"Habari za baba yako."

Santo alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni. "Baba? Baba anaingiaje hapa? Kumpare Gaspare amechoka, mama. Anaongea ovyo. Wakubwa wamekubali, na kiti lazima mtu akikalie." Akamlegezea kuku kamba. "Mimi nampenda yule mzee. Amenilea. Unafikiri ni rahisi?"

"Alikushika kwenye maji, Santo."

"Najua."

"Mtu aliyekushika kwenye maji..."

"Mama." Alimbusu kipaji cha uso. "Mambo ya kale hayo. Pika."

Akatoka. Rosalia alibaki amesimama na yule kuku aliyekuwa anapepesa macho. Kwa hiyo ndivyo. Alimeza kile kijiko ili mwanawe asife kwa kisasi na asiue kwa kisasi. Na sasa anaua bila hata kisasi, anaua kwa ajili ya kiti, na anampenda anayemuua. Lillo alikuwa amekufa bure hata katika hilo.

Alijua kwamba muda upo. Santo mwenyewe amesema usiharakishe. Angeweza kubeba sufuria tupu, sahani na vijiko, akavuka barabara, akaviweka juu ya meza ya Agata bila kusema neno, na Agata angeelewa. Halafu Gaspare angeelewa. Halafu Santo angeletwa nyumbani ndani ya turubai. Rosalia alimchinja kuku. Alimnyonyoa, akakata karoti na figili, akaondoa povu. Supu ikaiva, naye akaitoa motoni, akaifunga kitambaa, akakaa kando yake na koti lake jeusi, anasikiliza.

Kilio kilikuja mchana. Akaacha kikolee, kisha akanyanyuka.

Agata alimfungulia mwenyewe. Alikuwa amezeeka toka Jumapili. Alipokea sufuria, kiganja kikagusa ubavu wake.

"Ya moto," alisema Agata, kwa sauti ya chini. "Safari hii imekuja ya moto."

"Nilisubiri ulie," alisema Rosalia.

Wakatazamana, basi, maana sebule ilikuwa imejaa watu. Santo alikuwa ametangulia kufika, kofia kifuani, macho mekundu. Alimkumbatia Agata, akamwita mama yangu wa pili. Kisha akafungua kitambaa, akachota, akakipuliza kijiko.

"Kula, kumare. Kwa ajili ya mtoto."

Bastiano alikuwa amesimama ukutani karibu na mlango, kijana mrefu sasa, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti. Hakumtazama Santo. Alimtazama mama yake mdomoni.

Rosalia akaiona mifuko yote miwili ilivyoning'inia kwa uzito, wa yule kijana na wa mwanawe, na hakujua amwombe Mungu kitu gani. Agata akageuza shingo kidogo, akamtazama yeye, Rosalia, muda mrefu, mpaka watu wakaanza kukohoa.

Halafu Agata akafungua mdomo, akameza.